Piesi za Kamio Zilizokimbia Vita

Nilijua kuendesha kamio, lori zima, kabla sijajua kusoma. Kwamba kamio yenyewe haikuwa inakwenda popote, hilo halikuwa kosa langu. Ilisimama katikati ya parseli yetu, kiwanja cha nyumbani hapa Baraka, pua ndefu, macho mawili ya mviringo yasiyo na vioo, imepandishwa juu ya magogo kama mzee aliyekunja miguu ili mvua isimlowanishe. Wadogo zangu walipanda nyuma wakawa abiria wa Lulimba. Mmoja alisimama mbele na fimbo akawa askari wa kizuizi, na ukimpa karanga mbili anakuacha upite. Dereva nilikuwa mimi siku zote, ju nilikuwa mkubwa, na ju nilikuwa nauma.

Leo pale pamesimama nyumba ya baba mkubwa, bati jipya, milango miwili. Watoto wake wanalala vizuri kabisa na hawajui kwamba vitanda vyao viko katikati ya barabara ya Lulimba. Mimi siwaambii. Ila mara nyingine nikipita pale na ndoo ya maji nakanyaga polepole, kama mtu anayepita kwenye chumba alimozaliwa.

Maana kila kitu changu kilianzia kwenye ile kamio. Kuku wetu mwekundu alitagia kwenye kiti cha abiria, na mayai mawili kati ya matatu mama hakuyaona. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi niliusomea ndani yake, milango imefungwa, jasho linatoka hadi kwenye kope. Siku niliyokula ndagala za jirani zilizokuwa zimeanikwa, nilijificha chini ya usukani, na hapo ndipo mama alipogundua kwamba dereva ana mkia: mguu wangu ulikuwa nje. Harufu ya ile kabini, kutu na mavi ya kuku na mafuta ya zamani, wakiiweka kwenye chupa nitajipaka Jumapili.

Kamio ilikuwa ya babu. Zamani alibeba mihogo, mchele na watu, kutoka Lubondja na Lulimba hadi hapa ziwani. Mimi sikuwahi kuiona ikienda. Hata papa aliiona mara ya mwisho akiwa mvulana. Nilipouliza itaamka lini, babu alijibu neno moja miaka yote: "Mpaka inchi itulie." Basi nchi ikakataa kutulia, kamio ndiyo ikatulia.

Ilikuwa likizo kubwa, nimemaliza mwaka wa tatu wa sekondari, wakati papa alipotoa habari mezani. Kaka yake mkubwa, aliyebaki ng'ambo ya ziwa kambini tangu vita, alikuwa anarudi na mke na watoto sita. Lazima ajengewe. Na katika parseli yetu nafasi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na kamio juu yake.

"Muzee," papa akamwambia babu, anatazama bukari, ugali wake, badala ya kumtazama yeye. "Bale bantu ba kununua vyuma banakuya samedi ya juma iyi inakuya. Bako na gazi ya kukata. Batakata kamio, batabeba vipande kwa mashua. Njo tutapata fasi ya kujenga."

Babu alitafuna, akameza.

"Itatoka yenyewe."

"Itatoka namna gani? Haina moteri."

"Moteri iko. Inakosa bitu bitatu tu."

Papa ni mwalimu wa hesabu, na watu wa hesabu wanapenda sana neno 'kama'. Akasema: "Kama itanguruma kabla bale ba vyuma bafungue gazi yabo, mi mwenyewe nitaiendesha, nitaitosha hapa niipeleke ngambo ya barabara, hakuna muntu ataigusa tena."

"Utaiendesha," babu akasema, akaomba sombe nyingine, yale majani ya mihogo.

Sisi watoto tulicheka. Babu hakucheka. Usiku ule, mama alisema baadaye, hakumaliza ile sombe.

Vitu vitatu hivyo nilielezwa kesho yake, nimefungua mdomo wa kamio, naingiza kichwa. Kweli pale kwenye moteri palikuwa na mashimo, na mashimo yenyewe yamezibwa kwa vitambaa na vigogo vya mti vilivyochongwa vizuri, kama mtu aliyeng'olewa meno akawekewa ya mbao. Vita vilipokaribia, babu alijua kwamba kamio yenye moteri haimalizi juma. Atakuja mwenye bunduki, ataichukua, na dereva atamchukua pia. Basi asubuhi moja alitoa demarere, ambayo kazi yake ni kuamsha moteri, kama mama saa kumi na mbili. Akatoa enjekteri sita, vijidude vya chuma vinavyotemea mazutu, yaani dizeli, ndani ili iwake. Na akatoa pompu, inayosukuma hayo mazutu. Babu aliiita moyo. Kila kimoja alimpa mtu wake wa kumtunzia, na hakuna aliyemjua mwenzake. Kisha akavusha familia ziwani. Watu wengine wote walikimbia na magodoro. Kwetu kamio ilibaki nyumbani, ila piesi zake, vile vipuri, ndizo zikawa wakimbizi.

"Sasa tuende kubaona bale bantu," nikasema.

"Pengine bamekufa," babu akasema. "Pengine baliuzisha. Tuanze kwa maduka."

Nilichaguliwa mimi kumsindikiza kwa sababu mbili. Kwanza nilikuwa na simu. Pili, macho ya babu yalikuwa yameingia ukungu: mtu akisimama mbele yake, aliona shati bila sura. Nilimshika mkono wa kushoto, fimbo ikawa kulia, na tukaingia sokoni hivyo, yeye ananiita 'muke wangu' mbele ya watu wote kama babu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, mimi namwita 'bwana yangu muzee asiye na meno'. Meno alikuwa nayo. Yote manne.

Maduka ya piesi ya Baraka ni ya pikipiki. Ukitaka mnyororo, taa, kioo cha pembeni chenye picha ya tai, utapata. Tulipoonyesha picha ya moteri yetu, kijana wa duka la kwanza aliigeuza simu juu chini, labda alidhani imesimama vibaya.

"Babu, hii gari njo ilibebaka Nuhu?"

"Nuhu alikuwa na mashua," nikamjibu. "Hii ilimuletea mbao."

Duka la pili walituambia tujaribu Uvira. Nikatuma picha kwa muuzaji mmoja wa Uvira, akanijibu kwa sauti. Nikaifungua kwa nguvu ili babu asikie vizuri. Ilikuwa kicheko peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nyuma yake wengine wanauliza, "Nini? Nini? Onyesha!" Baada ya saa moja akaleta picha ya pompu. Babu hakuhitaji macho. Aliniomba nimwambie ina matundu mangapi. Nikahesabu: manne. "Yetu iko sita," akasema. "Hiyo ni ya trakta. Mwambie aksanti, na mwambie aendelee kucheka, ni muzuri kwa tumbo."

Siku tatu tulizimaliza hivyo. Jumamosi ya juma linalofuata ilikuwa inakuja na gazi yake mgongoni. Ndipo babu aliposema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kugonga mlango asioujua kama una mtu: "Haya. Tuende kwa bale nilibaachia."

Wa kwanza alikuwa hapahapa Baraka, mzee Mwislamu mwenye mashua mbili za kuvusha bidhaa. Walikumbatiana mpaka kofia ya mmoja ikaanguka. Mzee akaniangalia, akaangalia mlango, akaniambia, "Binti yangu, kimbia hapo pembeni uniletee sukari." Nilikwenda, nikarudi, nikakuta demarere iko mapajani mwa babu kama mtoto mchanga. Ilikuwa imekaa miaka yote sandukuni, pamoja na sanda ya mzee.

"Niliogopa sana kufa," mzee akatuambia, akikoroga chai. "Bangenizika nayo. Malaika anauliza, hii ni nini? Mi namwambia nini? Hata jina yake sijue."

Wa pili alikuwa mukatekista, mwalimu wa dini wa Wakatoliki wa Swima, kule juu kwenye barabara ya ziwa. Yeye alinituma niende pwani kuangalia kama wavuvi wamerudi. Hawakuwa wamerudi, nilikaa nikachekeshana na wasichana wanaotengeneza samaki, nikarudi. Enjekteri sita zilikuwa mezani, zimepangwa, kila moja ndani ya kipande cha kitambaa cheupe cha altare kilichozeeka. Babu ni Mprotestanti wa kuzaliwa, wa kuimba kwa macho yaliyofumbwa. Alizipapasa moja moja.

"Zimesikia misa mingi kukupita," mukatekista akamwambia. "Zikianza kusema Kilatini usishangae."

Sikuona ajabu yoyote kwamba nyumba zote mbili nilitumwa nje. Mtoto wa kwetu kutumwa ni kama kupumua. Ungenikalisha mahali bila kunituma, hapo ningeshtuka.

Ikabaki pompu. Ikabaki Lubondja.

Tulikwenda Jumatano kwa pikipiki, babu katikati, mimi nyuma, dereva mbele analalamika kuhusu mashimo kama vile ni sisi tulioyachimba. Babu alikuwa kama kijana siku ile. Kila kilima alikijua kwa tumbo. "Hapa nilikuwa naweka ya kwanza," anasema, na mkono wake unasukuma gia ya hewa. "Hapa magunia yalianguka. Hapa mama mumoja alizalia ndani ya kamio, tukamuita mutoto Kilometa, lakini babaake alikataa." Nilikuwa nacheka nimemshika kiuno. Nikifumba macho leo naweza kusikia mifupa ya mgongo wake inavyoruka.

Mtunza pompu alikuwa mama mzee mjane, mkulima, ambaye zamani babu alimbebea mihogo kila msimu. Tuliiacha pikipiki barabarani, tukashuka kilimani, tukavuka kijito juu ya magogo mawili, tukapita shamba la mihogo, tukamkuta mlangoni kwake anabambua karanga. Mwembamba, mnyoofu, macho makali. Hayo ndiyo macho niliyotamani babu ayapate.

"Hodi, mama."

"Karibuni. Ni nani?"

"Ni mi. Mwenye ile kamio ya pua murefu."

Mama alimtazama babu sana. Kisha akanitazama mimi, kuanzia nywele hadi kandambili. Kisha akatazama njia nyuma yetu.

"Sikujue."

Babu alicheka. "Mama! Nilibebaka mihogo yako miaka kumi!"

"Mihogo yangu nilibebaka kwa kichwa."

"Nilikuachia pompu."

"Pompu ya nini? Siye tunakunywa maji ya kijito."

Nikaona nisaidie. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikapiga magoti vizuri, nikaweka sauti ya kwaya. "Bibi, mi ni mujukuu wake. Tuko na shida kubwa. Samedi bantu banakuya kukata kamio. Wewe utupatie tu, tutakuletea hata kitenge."

Uso wake ulifungwa kama duka saa sita ya Ijumaa.

"We njo sikujue kabisa kabisa," akasema. Halafu akatupa karanga, sahani imejaa, na maji ya kunawa, na akatusindikiza hadi kwenye magogo akitutakia safari njema. Hujawahi kufukuzwa kwa upole mpaka ufukuzwe Lubondja.

Tulilala kwa ndugu wa dereva wa pikipiki. Alhamisi asubuhi tukarudi. Safari hii babu alimtajia jina la mumewe marehemu, jina la mbwa wao, gunia lililochanika, mvua iliyowakamata wote. Mama alisikiliza kila neno. Niliona vidole vyake vimeacha kubambua karanga. Halafu akanitazama tena mimi, akasema polepole, "Baba, pole sana. Sikujue."

Tulipopanda kurudi barabarani babu hakusema 'muke wangu'. Aliketi juu ya jiwe, fimbo kati ya magoti. Nilianza kumtukana yule mama kwa niaba yake, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na nilikuwa natafuta tusi la Kibembe nifunge nalo jambo, wakati babu alipojipiga kichwani kwa kiganja, kofi la kweli.

"Aka! Njo mi! Njo mi mwenyewe!"

"Wewe nini?"

"Mi njo nilimukataza!" Alikuwa anacheka na machozi yanatoka, sijui lipi lilianza. "Niliambiaka bote batatu: musipatie muntu. Hata akisema ametumwa na mi. Hata mi mwenyewe, kama nikikuja na muntu pembeni, mukatae, museme hamunijue! Ju kama muntu anasimama pembeni yangu, ni kusema bamenikamata, bananilazimisha kuonyesha piesi. Nikuye peke yangu, njo munipatie."

Nikakumbuka sukari. Nikakumbuka wavuvi wa Swima. Wale wazee wawili walikuwa wameipindisha sheria kidogo kwa kunitupa nje, dakika kumi, wakahesabu babu yuko peke yake. Mama wa Lubondja hakuwa mtu wa kupindisha. Aliambiwa akatae, akakataa; na mimi na magoti yangu na kitenge changu nilikuwa nimesimama pale kama bunduki.

"Na ulisahau?" nikauliza.

"Muke wangu, nilifunga mulango vizuri mpaka nikajifungia inje."

Ilibidi aende peke yake. Maneno rahisi. Kuna mteremko, kuna magogo mawili yenye utelezi, kuna mihogo inayofanana yote hata kwa mwenye macho. Nilianza kumhesabia hatua. Akanikatiza.

"Mi nilishusha kamio ya tani saba na mvua huko Lulimba. Utanifundisha kushuka na miguu?"

Akaenda. Mimi na dereva wa pikipiki tukajificha nyuma ya michikichi, kwa sababu mama akiona hata kivuli cha mtu, basi. Babu alishuka kwa fimbo. Kwenye magogo nilifumba macho. Nikayafumbua, alikuwa ng'ambo. Halafu, badala ya kwenda mbele, akakata kushoto, akaingia shamba la mtu mwingine.

Ulimi wangu haujawahi kuajiriwa kazi ya kukaa kimya. Siku ile niliushika kwa meno. Nilikuwa naona kofia yake inaelea juu ya majani ya mihogo, inaenda mbali, inaenda mbali kabisa na nyumba, na neno moja tu la kumwokoa, "Kulia!", nilikuwa nalo mdomoni, na hilo hilo neno lingeua kila kitu. Alifika kwenye zizi. Akasimama wima, akavua kofia, na akamsalimia mbuzi. Kwa heshima. Hata akangoja jibu. Dereva wa pikipiki alianguka chini kwa kicheko na mimi nikampiga, kisha nikagundua nalia.

Babu akavaa kofia yake tena. Akageuza kichwa upande mmoja, upande mwingine. Kule kwake mama alikuwa ameanza kutwanga. Tuliusikia mchi hata sisi, du, du, du. Babu akageuka kuelekea ule mdundo, akaufuata, anasimama ukisimama, anakwenda ukiendelea, kama vile anakwenda na gari ya mtu mwingine kwa kusikia moteri. Mchi ukanyamaza. Alikuwa mlangoni.

Walikaa muda mrefu. Kisha nikaona mama anatoka mbele, ameshika ncha ya fimbo, babu ameshika mwisho wake anavutwa, na kichwani kwa mama kuna kitu kizito kimefungwa. Alivuka magogo nacho bila kutazama chini. Nilipotokea kwenye michikichi sikujua niweke wapi uso wangu.

"Ah, njo ule mutoto," akasema, akatua mzigo mikononi mwangu. "Usikasirike. Nilizania siku hizi banatumaka batoto ba shule."

Kwenye pikipiki, pompu iko kati yangu na mgongo wa babu, nilimuuliza walikuwa wanaongea nini muda wote huo.

"Aliniuliza kama vita imeisha."

"Ukajibu nini?"

Pikipiki iliruka shimo, tukaruka nayo.

"Nilimwambia imeisha kidogo. Akafikiri. Akasema kidogo inatosha, akaingia kuchimbua."

Ijumaa fundi alifungua ule mzigo mbele ya parseli nzima. Babu alikuwa ameagiza pompu ikae ndani ya mafuta isipate kutu. Hakusema mafuta gani. Kila msimu wa mvua yule mama alikuwa ameichimbua, akaipaka upya mafuta ya mawese, akaizika. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, inanukia.

"Hii ni pompu ao ni mboga?" fundi akauliza. Lakini alipoigeuza kwa mkono, iligeuka. Akaita mafuta ya taa, akaosha siku nzima, anafungua vijipande, anavipanga kwenye sahani ya mama ya Krismasi, na mama akamletea ya pili. Papa alirudi kutoka sokoni, akasimama, akakunja mikono ya shati, akaanza kupuliza matairi yale ya zamani yaliyopasuka kama visigino. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Jioni majirani walimsaidia kuitelemsha kamio kutoka juu ya magogo.

Jumamosi, watu wa vyuma walifika na chupa yao ya gazi wakati fundi bado anakaza mambo ya mwisho. Vijana wanne, wapole. Mama aliwapa viti na chai. Walisema mashua inawangoja, hawawezi kupita saa sita. Betri tulikuwa tumeazima kwenye nyumba ya video, kwa hiyo nusu ya vijana wa kata walikuwa uani pia, wamekuja kulinda betri yao na mpira wao wa jioni.

Papa alipanda kwenye usukani. Aliahidi, na watu wa hesabu hawafuti ubao bila kuonyesha jibu. Ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: papa hajui kuendesha. Alikuwa mvulana, wakavuka ziwa, akarudi mwalimu. Babu alipapasa mlango wa upande wa pili, akapanda akaketi mahali pa kuku.

Demarere ililia mara moja, kra, kra, krrr, na betri ikafa. Fundi akajaribu tena. Kimya. Kijana mmoja wa vyuma akasimama, akatazama jua, akaanza kufungua bomba la gazi, si kwa ubaya, ni kazi yake.

Babu akatoa kichwa dirishani. "Nyie vijana! Hiyo chupa iko muzito, sivyo?"

"Iko muzito, babu."

"Basi muko na nguvu. Musukume kwanza. Ikikataa, mukate. Kamio yenyewe itakuwa imewasogelea."

Walitazamana. Mmoja akacheka, akaweka chupa chini, wengine wakamfuata. Vijana wa video wakaja. Mama akaja na kitenge chake kimefungwa kiunoni. Parseli yetu inateremka kuelekea barabara, na tukaisukuma ile kamio iliyonilea, mimi bega langu liko kwenye ubao wa nyuma, nasikia inakataa, inakataa, halafu inaachia kama jino.

"Kanyaga ya kushoto!" babu anapiga kelele ndani. "Weka ya pili! Achia!"

Ilikohoa. Ilirusha moshi mweusi, halafu wa buluu, halafu ikanguruma, na uani kote kukanuka mawese ya kukaangia, mpaka jirani mmoja akauliza nani anapika saa hizi. Niliruka nyuma nikashika mbao. Watu wa vyuma walikuwa wanapiga makofi mikono imejaa kutu. Sijawahi kusikia sauti ile maishani mwangu na niliijua.

Tulitoka getini, tukavuka barabara, tukaingia uwanja mpana wa upande wa pili. Babu alikuwa ameinamisha sikio, uso wake wa macho yenye ukungu umefunguka wote, anamwendesha papa kwa maneno. "Inalia sana, inaomba ya tatu. Mupatie. Aaa, unasikia? Imeshukuru."

"Naona, Muzee!" papa akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya mvulana. "Inaenda! Sasa nasimamisha namna gani?"

Babu akageuza sikio kutoka kwenye moteri.

"Breki?" akasema. "Hiyo piesi hatukuitafuta."

Mimi nilikuwa nyuma, peke yangu, abiria kwa mara ya kwanza, na migomba ya jirani ilikuwa inakuja polepole kutukumbatia.